Nathani Alitumwa, Mimi Sikutumwa

Jumapili iliyopita nilimkabidhi katekista mpya ufunguo wa shapeli, kanisa dogo la kambi ya reli hapa Kamina, daftari la majina ya wanaojifunza dini, na ile turubai ya picha za Historia Takatifu ambayo panya wamekwisha kumla Abrahamu miguu yote miwili. Aliniuliza kama nina neno la kumwachia. Nikamjibu kwamba nitaliandika, maana mdomo wangu ulishawahi kuniponza. Basi naliandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wengine mnaoanza. Nani alipandishwa cheo na nani alisifiwa na Padri sitayataja. Sijaona hata siku moja habari hizo zikimsaidia mtu aliyebisha hodi mlangoni kwangu.

Mimi ni mtoto wa mihogo. Wazazi wangu walilima mwendo wa nusu siku kutoka stesheni, na kelele ya treni tuliisikia pale tu upepo ulipotaka. Nilisomea ukatekista misheni kwa miaka miwili, na nilipoletwa kambini reli ya kwenda Kasai ilikuwa bado ngeni, udongo wa kandokando yake bado mwekundu. Watu wa kambi walitoka kila upande: Kasai, Lomami, Rodezia, hata Angola. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, na mimi nilikuja na changu cha misheni, kilichopigwa pasi. Jumapili ya kwanza nilisimama mbele yao nikaanza kueleza uumbaji. Nilifika siku ya tatu, miti ikaota, na hapo maneno yakaniishia kabisa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa upole, "Baba katekista, samaki bado." Watu wakacheka, nami nikawaambia twende tukapumzike kama Mungu, ingawa hatukuwa tumefika siku ya saba.

Aliyenishika mkono baada ya hapo ni mzee Monga, katekista aliyenitangulia. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, ndiyo maana alikabidhi kazi ya kambi, lakini alikuja kila Jumapili akakaa karibu na mlango. Mimi nilimwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kiluba. Jumapili ile alinisindikiza mpaka nyumbani. Tulipofika akaniuliza:

"Ilunga, Musa alikataa kazi ya Mungu mara ngapi?"

"Sijui, Tata."

"Enda uhesabu. Alisema yeye si kitu. Alisema bantu hawatamuamini. Alisema mudomo yake ni muzito. Ku mwisho alisema, tuma muntu mwingine. Na njo yeye alitumwa. Weye ulinyamaza ku siku ya tatu tu. Si mubaya."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya Monga. Kila mtu wa Maandiko alimchukua kwa upande aliojikwaa. Alisema ukimfundisha mtu ushujaa wa Daudi tu, atakupigia makofi na kwenda zake, kwa sababu hajawahi kukutana na jitu. Lakini mwambie jinsi Daudi alivyoogopa, jinsi alivyoongeza uongo juu ya uongo, naye atakaa vizuri kwenye benchi.

Mwaka wangu wa pili, mtu mmoja wa kikosi cha kukarabati reli alifiwa na mkewe. Alilala akiutazama ukuta, hakutaka kusali wala kuongea. Nilikwenda kwake na sala za marehemu, nikazisoma zote. Hakugeuka. Jioni Monga alikuja akichechemea na sufuria ya bukari, ugali wetu, na samaki mkavu wa ziwa Kisale, akaketi chini, akala tonge la kwanza yeye mwenyewe, akamwita yule mtu kwa jina. Yule mtu akageuka. Tulipotoka Monga aliniuliza, "Eliya alipolala chini ya muti na kuomba kufa, malaika alimwambia nini? Alimwambia asali?" Nikakumbuka. Malaika alimwambia: amka, ule. Tangu siku ile sijaingia nyumba ya msiba mikono mitupu. Nanyi msiingie.

Niseme kidogo juu ya turubai ya picha, kwa sababu ilikuwa chombo changu cha kazi kuliko vyote, hata kuliko baiskeli. Zilikuwa picha kama thelathini, zilizopakwa rangi Ulaya, unazifunua moja moja kama kurasa. Daudi alikuwa mwekundu wa uso kama mkuu wa stesheni. Musa alichorwa na miali miwili ya nuru kichwani, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nabii ana pembe za mbuzi. Lakini niliyoipenda kuliko zote ni ya nabii Nathani mbele ya mfalme. Mnakijua kisa chake: mfalme Daudi amechukua mke wa mtu na kumwua mumewe, na Nathani anakuja kumsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, Daudi anakasirika, na Nathani anamwambia, mtu yule ni wewe. Katika picha Nathani amenyoosha kidole. Nilikipenda mno kile kidole. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi kazini, nimezoea kusikilizwa, na mtu aliyezoea kusikilizwa huanza kutafuta mahali pa kukinyooshea.

Hapo ndipo alipokuja Regina.

Regina alikuwa mke wa Yakobo, mtu wa Kasai ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza reli pale njia zinapoachana, ili kila treni ishike njia yake. Mtu mkimya, msafi, wa benchi la tatu kila Jumapili. Walikuwa hawajapata mtoto. Regina alikuja nyumbani kwangu Alhamisi moja mchana, akakaa kwenye kizingiti, hakutaka kuingia.

"Baba katekista, bwana yangu iko na mwanamuke mwingine."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Nilimufwata minyi mwenyewe. Kila siku tatu anabeba bunga na mboga ya sombe, anapeleka ku nyumba ya mwisho ya kambi, kule ku majani. Mule muko mwanamuke na mutoto. Nilisikia mutoto analia. Baba, minyi Mungu hakunipa mutoto, na yeye iko na mutoto kule!"

Alilia mpaka mke wangu akaja kumshika. Mimi nilimwahidi kwamba nitalishughulikia jambo hilo. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na Ijumaa nzima na Jumamosi nzima ya kwenda kwa Yakobo na kumwuliza. Kibanda chake cha kazini kilikuwa mwendo wa kuvuta kiko kimoja kutoka shapeli. Sikwenda. Nilikuwa naandaa hotuba.

Jumapili Padri hakuwepo. Alikuja kwetu mara moja kwa mwezi. Nilifunua picha ya Nathani, nikasimulia kisa kizima, na siku hiyo maneno hayakuniishia. Nilieleza habari ya mwanamume anayeacha kisima chake na kwenda kunywa penye majani. Kambi yote ilielewa. Halafu nikanyoosha kidole kama kwenye picha, nikakielekeza benchi la tatu, nikasema kwa lugha yao wenyewe: "Weye njo ule muntu!"

Sikutaja jina. Kidole hakihitaji jina.

Yakobo alisimama, akachukua kofia yake, akatoka taratibu. Regina alijifunika uso kwa kitambaa. Nami, niwaambie ukweli, nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Mchana huohuo wanawake watano wa kambi, wakiwa na uchungu kwa ajili ya mwenzao, walichukua michi ya kutwangia wakaenda kwenye ile nyumba ya mwisho. Walimvuta yule mwanamke nje. Kitambaa alichojifunika kikaanguka. Wakaona mikono yake, vidole vilivyokwisha kuanza kufupika, na miguu iliyofungwa matambara. Waliacha michi yao palepale wakakimbia, na habari ikafika serikalini kabla ya usiku.

Alikuwa Agata, dada wa Yakobo, tumbo moja. Ukoma ulikuwa umemshika huko kwao, mumewe akamfukuza na binti yake mdogo, na Yakobo akamleta kwa treni akiwa amejifunika kama mgonjwa wa homa. Wakati ule sheria ilikuwa kwamba mwenye ukoma apelekwe kwenye kijiji cha wagonjwa wenzake, mbali, wala asirudi. Yakobo alimficha. Hata mkewe hakumwambia, kwa sababu Regina aliuogopa ukoma kuliko nyoka. Ulikuwa umemla mama yake mdogo mbele ya macho yake.

Kesho yake asubuhi ilikuja kamyo, lori la serikali, na mganga na polisi wawili. Mtoto, Rosa, wa miaka mitatu, alichunguzwa pale pale barabarani, akaonekana mzima, kwa hiyo hakuruhusiwa kwenda na mama yake. Yakobo alimshika. Agata alipanda nyuma ya kamyo peke yake. Kamyo ilipogeuka mbele ya shapeli aliniona nimesimama mlangoni, nami nikaona kwamba hakunijua mimi ni nani. Hilo nalo lilinichoma.

Nilikwenda kwa Monga nikitaka kufarijiwa. Alikuwa anasuka kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikapu chini.

"Nani alikutuma?"

"Tata, Regina alilia mbele yangu."

"Regina alikuambia useme mbele ya bantu bote?"

"Hapana."

"Mungu njo alikutuma?"

Nikakitazama kile kikapu.

"Nathani alitumwa," alisema Monga. "Tena alienda ku nyumba ya mufalme, akaongea na yeye polepole, akamungoja mpaka Daudi mwenyewe aone. Hakumutega ku kanisa. Weye uliangalia kidole tu mu ile picha. Haukuangalia mahali Nathani alisimama."

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema neno nililolitupa mbele ya watu nitaliokota mbele ya watu.

Padri hakulipenda jambo hilo. Alikuwa mtu mwema, alisikiliza maungamo yangu, akanipa kitubio, akasema imetosha. Katekista akijivua nguo mbele ya waamini, alisema, nani atamheshimu tena? Nilirudi kwa Monga na maneno hayo, na nusu ya moyo wangu ilitumaini atayakubali. Yeye akaniuliza, "Habari ya Petro na jogoo, nani alitusimulia? Bengine bote balikimbia. Kama Petro angenyamaza, leo hatungejua. Alikuwa mukubwa wa kanisa, na alisimulia mwenyewe. Padri iko na haki, pengine hawatakuheshimu. Lakini batakuamini." Miaka mingi baadaye nilimrudishia Padri hoja hiyo, naye akaniambia kulikuwa na mwanafunzi mwingine pale uani usiku ule. Huenda. Mimi jogoo wa Petro aliniponya, na sitamchunguza sana.

Jumapili iliyofuata nilisimama bila turubai. Nikasema: nilimshtaki mtu bila kumwuliza. Yakobo hakutenda dhambi niliyomsingizia. Dada yake amechukuliwa kwa sababu ya mdomo wangu, na wale mama watano nisiwasikie mkiwalaumu, maana michi ile niliwashikisha mimi. Nilipiga magoti. Mtu mmoja alicheka. Familia mbili zilihamia kanisa jingine na hazikurudi. Wale mama watano walikuja mbele wakapiga magoti kando yangu, bila kuitwa.

Yakobo hakuwepo. Nikamfuata nyumbani, safari hii kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa sauti ya chini. Regina alikuwa amempakata Rosa, akimlisha uji. Hakuniangalia.

"Nilisikia," alisema Yakobo. "Ulisema mbele ya bantu. Ni muzuri. Lakini Agata hakusikia."

Mwisho wa mwezi nilichukua treni, nikashuka na baiskeli, nikaendesha siku nzima katika mchanga mpaka kijiji cha wenye ukoma. Nyumba zake zilipangwa sawasawa kama za kambi yetu. Walinionyesha Agata, ameketi nje ya nyumba anamenya karanga kwa meno. Nilimwambia mimi ni nani na nilitenda nini. Alisikiliza huku akimenya.

"Rosa anakula?" aliuliza.

"Anakula. Regina anamulisha mwenyewe."

"Anamupiga?"

"Hapana."

Alimenya karanga nyingine tatu au nne. Sikujua kama nisimame au nipige magoti.

"Huku hatuna katekista," alisema mwisho. "Sista anatufundisha mu kifaransa. Utarudi na zile picha ulisema."

Msamaha sikuusikia siku ile, ila nilipewa kazi. Nikaenda kila kiangazi, nikiwa nimefunga turubai kwenye baiskeli, na kila mara nikimpelekea habari za Rosa: ameanza kusoma, ameng'oka jino, anaimba. Naye Agata aliyashika masimulizi yote kichwani, akayafundisha mwaka mzima nisipokuwepo. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Nilimsikia mara moja akieleza habari ya Yusufu kisimani, na watu wazima walikuwa wanalia.

Mwaka wa tatu au wa nne aliniuliza, "Ku picha zako bakoma ni bale kumi balioponyeshwa na Yesu, bamepangwa mustari, majina hawana. Hakuna mukubwa mu Maandiko alishikwa na hii ugonjwa?"

Nilisitasita. Nilimwambia yupo Miriamu, dada yake Musa, nabii mwanamke, ila kwake ulikuwa adhabu, kwa sababu alimsema ndugu yake vibaya. Ukoma ukamshika, akatolewa nje ya kambi siku saba.

"Na bantu? Balifanya nini hizo siku saba?"

Sikujua. Monga hakuwa amenifundisha hilo, na Monga alikuwa amekwisha kufa mwaka ule, kwa hiyo sikuwa na wa kumwuliza ila Padri. Padri alifungua kitabu chake, akanitafsiria. Kiangazi kilichofuata nilimletea Agata jibu: watu hawakusafiri. Taifa zima lilikaa pale jangwani, na mizigo yao, na watoto wao, mpaka Miriamu aliporudishwa kambini.

Agata aliifunga turubai kwa viganja.

"Ninyi," alisema, "mulienda."

Nimefanya mafungo mengi na kusikiliza mahubiri ya maaskofu wawili. Hakuna lililonifundisha uongozi kama maneno yale mawili. Tulikwenda kweli. Tulikuwa tumejenga shapeli ya matofali, tumenunua kinanda, tumesimika Njia ya Msalaba, na mwenzetu mmoja alikuwa nje ya kambi. Niliporudi nilibadilisha mambo matatu. Jina la Agata liliwekwa kwenye sala za kila Jumapili, lisomwe kwa sauti. Mambo ya wanawake nikawaachia wanawake watatu wayasikilize kwanza, kama Yetro alivyomshauri Musa asijiue kwa kuamua kila kesi peke yake. Wawili kati yao walikuwa wa ile michi mitano, na sijaona watu waangalifu kama hao. Na picha ya Nathani nikaacha kuifunua bila kwanza kuwaambia watu nilivyoitumia.

Miaka ikapita. Watu wakaanza kuondoka kwenda kujenga uwanja wa ndege na kambi ya askari, pale tunapopaita Base, na kamyo za saruji zikatujaza vumbi. Wakati huohuo masista wa kijiji cha ukoma walipata vidonge vipya. Agata aliandikiwa karatasi yenye muhuri kwamba ugonjwa umekwisha mwilini mwake na anaweza kurudi. Vidole havikurudi.

Alishuka stesheni asubuhi moja, miaka kumi na tatu tangu ile kamyo. Yakobo alimpokea, akampa chumba kwa jirani yake mjane, si nyumbani kwake. Nilimwuliza kwa nini. Akajibu, "Mara ya kwanza nilimuficha Regina neno. Sasa siwezi kumulazimisha. Mulango ni yake."

Watu wa kambi walimkwepa Agata. Muhuri wa daktari waliuheshimu, ila kwa mbali. Yeye akaja kwangu akasema, "Baba katekista, ulinipeleka njia moja. Leo utanipeleka njia ingine. Tunaenda kusalimia." Basi tukaenda, nyumba kwa nyumba, mimi na yeye. Kila mlango niliomba maji, Agata akanywa kwanza akishika kikombe kwa viganja viwili, kisha mimi nikanywa kilekile, halafu nikamrudishia mwenye nyumba na kungoja. Wengine walikunywa palepale. Wengine walisema wameshiba maji, na tukawaambia tutapita tena.

Nyumba moja tu haikufunguka. Ya Regina.

Hamkosi kuona sababu. Rosa alikuwa na miaka kumi na sita. Regina ndiye aliyemwosha, aliyemwuguza surua, aliyemshonea nguo ya komunyo. Hakuwahi kuzaa, na mtoto huyu aliletwa mlangoni kwake na aibu, naye akaipokea aibu ile akaifanya binti. Rosa alijua habari yote, Yakobo hakumficha. Lakini Regina alikuwa amesema asitoke, na Rosa si mtoto wa kumvunja moyo mama aliyemlea.

Tulibisha hodi siku ya kwanza. Kimya, na ndani tulisikia mwiko ukigonga sufuria. "Tutapita kesho," alisema Agata kwa sauti, na tukaenda zetu. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne nilishauri nimlete Padri azungumze naye. Agata akakataa, akasema mlango uliofunguliwa na Padri utafungwa Padri akiondoka. Siku ya saba nilimkumbusha kwamba kuta za Yeriko zilianguka siku kama ile. "Yeriko balikuwa na tarumbeta," alisema. "Sisi tuko na hodi tu." Na siku ya saba mlango haukufunguka. Wala ya nane.

Siku ya tisa ulifunguka kiasi cha uso. Regina alikuwa amekonda. Alimwangalia Agata machoni, hakutazama chini.

"Ulikuya kumubeba?" aliuliza.

Agata aliinua mikono yake yote miwili mbele yake, katika mwanga.

"Angalia, Regina. Minyi sina na bidole. Nitabeba muntu na nini? Nilikuya kukwambia aksanti."

Regina aliitazama ile mikono. Nilijua anavyouogopa ugonjwa ule. Nilikuwa na maneno kama matano tayari mdomoni, mazuri yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza bila kulazimishwa. Regina akausukuma mlango wote wazi. Akatoka, akaishika mikono ya Agata kwa mikono yake, akageuza kichwa bila kuiachia.

"Rosa! Acha bukari. Kuya hapa."

Binti alitoka na unga mikononi. Alisimama kizingitini akawaangalia wale wanawake wawili walioshikana.

"Mama," alisema.

Wote wawili wakaitika.